Mwaka Mama Alipoihamisha Krismasi

Simu ya mama iliingia nikiwa nakata kitenge cha mteja. Kwa jinsi alivyoita "mayu" mara mbili bila kungoja shikamoo yangu, nilijua kuna jambo. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na ndivyo mama yangu anavyoniita mimi bintiye akiwa na la maana la kusema. Akiwa na la kunigombeza hutumia jina langu la ubatizo.

"Mayu, mwambie kaka yako Krismasi nimeihamisha."

"Umeihamishia wapi, mama?"

"Tarehe ishirini na saba. Yeye si ndiyo haitaki ishirini na tano? Basi aje ishirini na saba, ale na wadogo zake. Misa nitakwenda siku yake kama kawaida, ila nyama itasubiri."

Niliweka mkasi chini. Huyu ni mama ambaye hajawahi kubadilisha hata benchi analokalia kanisani. Mtu akimkalia pale pake husimama pembeni yake akiwa amekunja mikono mpaka mwenyewe ajisikie vibaya na kusogea. Leo ameihamisha Krismasi kwa simu, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia mahindi yamepanda bei. Nilicheka, nikashangilia, nikazunguka meza ya cherehani, na mteja wangu akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia ni zaidi ya hapo. Kaka yangu huenda akarudi nyumbani.

Nyumbani kwetu ni Ngokolo, mjini Shinyanga. Mimi nina duka la vitenge Kalangalala, Geita mjini, na kaka yangu anayenitangulia kuzaliwa ni msimamizi wa duara nje kidogo ya mji. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na usimamizi wake si wa kukaa kivulini na kupiga simu. Anashuka mwenyewe kwa kamba kila siku kuangalia magogo yanayozuia kuta. Tangu baba afariki, mama hatuombi vitu vingi. Anataka watoto wake wote wale kwenye sinia moja siku ya Krismasi, na kabla ya kuondoka kila mmoja apulizwe maji.

Hayo maji ndiyo yaliyoleta kasheshe, kwa hiyo lazima niyaeleze.

Babu mzaa mama alikuwa mkulima wa pamba na hakubatizwa mpaka anakufa. Alfajiri alitoka nje na kibuyu, akajaza maji mdomoni, akayapuliza kuelekea linakochomoza jua, akiomba mvua na afya ya watu wake. Mtu wa nyumbani akitaka kusafiri, babu alimpulizia maji hayo kifuani. Mama alibatizwa akiwa msichana. Jua akaachana nalo, maji hakuachana nayo. Mpaka leo anayeondoka kwake anasimamishwa mlangoni, mama anafanya ishara ya msalaba, anapiga funda la maji kwenye kikombe cha bati, na kabla hujajiandaa umeshalowa. Nilikwenda chuo cha ushonaji na blauzi mbichi. Siku ya harusi yangu nilikwenda kanisani hivyohivyo, na picha zote za ndoa zina alama ya maji kifuani. Watu wa upande wa mume wangu walidhani nimemwagiwa soda.

Kaka naye alipulizwa alipokwenda Geita mara ya kwanza, na alikuwa akijisifia jambo hilo kwa wenzake. Kisha akaajiriwa kwenye duara moja ambalo mwenye nalo alimleta mganga. Wachimbaji walipangwa kuzunguka mdomo wa shimo, mbuzi mweusi akachinjwa, damu ikamwagwa ndani, na kila mmoja akaambiwa aruke shimo lile huku akitaja anachokitaka. Kaka aliruka. Anasema alipotua upande wa pili alijisikia amechafuka kuliko siku zote alizotoka chini na tope mwili mzima. Akaacha kazi wiki ileile, akahamia duara jingine, akajiunga na kanisa dogo la pale machimboni, na kuanzia hapo kila kilichonukia mizimu alikikimbia. Mimi sikumlaumu kwa hilo, na simlaumu hata sasa.

Shida ni kwamba pua yake ilikuwa kali mno. Alipofundishwa kwamba tarehe ishirini na tano Desemba ilikuwa sikukuu ya jua kwa Warumi wa kale, akakumbuka babu na kibuyu chake, na mambo mawili yakaungana kichwani mwake yakawa jambo moja. Krismasi ya mwisho aliyokuja Ngokolo, mama alijaza maji mdomoni kumuaga. Kaka akasogea pembeni. Maji yakaangukia kizingiti.

"Samahani, mama," alisema. "Hayo ni maji ya jua."

Mama alijifuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaingia ndani kupanga vyombo. Hakugombeza, na ndiyo maana tuliumia sote. Tangu siku hiyo kaka alipiga simu kila wiki, alituma mchele na sukari kwa basi, alilipia paa jipya la jiko, lakini mguu wake haukukanyaga Ngokolo. Krismasi ikifika anasema hiyo si sikukuu yake. Miezi mingine anasema kazi zimembana. Na mama alikuwa na sentensi moja ambayo ilinikosesha raha kila nilipoisikia: "Nyie wengine nimewapuliza wote. Yule anashuka ardhini akiwa mkavu."

Sasa mimi ni mtu wa kupenda ubishi, na nikibishana napenda kushinda. Niliamua kumshinda kaka kwa hoja.

Nilianza na siku ya kuzaliwa ya mama. Kitambulisho chake cha taifa kinasema amezaliwa tarehe moja mwezi wa saba, kama wazee wengi wa mtaa wetu. Tarehe hiyo aliipanga karani, kwa sababu mama alichojua ni kwamba bibi alipata uchungu akiwa shambani anapanda mtama, na huku kwetu mwezi wa saba hakuna anayepanda mtama. Lakini kila tarehe moja mwezi wa saba kaka humpigia simu mama alfajiri kumtakia heri. Nilimpigia, nikambana vizuri. Nikamwambia kama mama anaweza kusherehekewa kwa tarehe ya karani, na Yesu asherehekewe kwa tarehe yoyote, mradi tunamkumbuka mwenyewe.

Nikaanza kutabasamu kabla hajajibu.

"Dada, tarehe moja mwezi wa saba ilikuwa tupu," akasema. "Hakuna mungu mwingine aliyekuwa anaikalia kabla ya mama."

Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Nikaenda kwa padre mmoja pale Geita niliyewahi kumshonea kanzu, mtu wa kucheka sana. Yeye alikubali bila kusita kwamba Injili haitaji tarehe. Wapo wanaosema, alinieleza, kwamba Wakristo wa zamani waliichukua sikukuu ya jua wakaipa maana mpya, ili watu waliozoea kusherehekea siku ile wamsherehekee Kristo. Wapo wanaokataa, wanasema walihesabu tu miezi tisa kuanzia siku malaika alipompasha Maria habari, ambayo wao waliiweka tarehe ishirini na tano mwezi wa tatu.

"Na wewe, padre, unasema ipi?"

"Mimi nasema sijui. Halafu navaa mavazi yangu, naenda kusoma misa."

Ile miezi tisa ilinipa moto. Sikungoja hata kufika dukani, nilimpigia kaka palepale barabarani, nikiziba sikio moja kwa sababu ya bodaboda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hesabu nzuri, hata mimi nimeipenda," akasema. "Sasa nionyeshe hiyo ishirini na tano ya mwezi wa tatu imeandikwa wapi."

Nikamwuliza na jirani yangu wa dukani, mama muuza viatu ambaye ni Msabato, labda yeye angenipa njia. Akasema kwao ile ni siku kama siku nyingine, ila Yesu kuzaliwa alizaliwa, na mtu akimkaribisha pilau hawezi kumnunia mtu wa watu. Nilitamani kaka yangu angekuwa na moyo huo wa pilau. Lakini muuza viatu hakuwahi kuruka shimo lenye damu, na kaka aliruka.

Hapo ndipo mama akapiga ile simu yake. Mimi nilikuwa nimemaliza hoja zote, yeye hakutumia hata moja. Aliisogeza siku kama mtu anavyosogeza kiti ili mgeni apite.

Sikutaka habari hiyo impate kaka kwa simu. Nilifunga duka mchana kweupe, nikapanda bodaboda mpaka machimboni na viatu vyangu vya dukani. Nilimkuta ndiyo kwanza ametoka chini, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, anakunywa maji kwenye kidumu. Nikamweleza bila kuvuta pumzi.

"Mama mwenyewe ndiye aliyesema?"

"Kwa mdomo wake."

"Ishirini na saba?"

"Ishirini na saba. Amesema nyama itasubiri."

Alikaa juu ya kiroba cha mawe. Akavua kofia yake ngumu, akaigeuza geuza mikononi kama anatafuta kitu ndani yake. Nilitegemea abishe, nikawa nimeshajiandaa.

"Mama hajawahi kuihamisha hata baba alipokuwa mgonjwa," akasema. "Ile Krismasi tuliila hospitali."

"Nakumbuka."

"Mwambie nakuja."

Nilimkumbatia na vumbi lake lote. Wachimbaji wenzake wakapiga miluzi, na gauni langu la kitenge halikuwahi kutakata tena sawasawa. Njia nzima ya kurudi Kalangalala nilikuwa naimba, na dereva wa bodaboda akaniunga mkono kwa nyimbo za kanisani kwao ambazo sizijui.

Nilitangulia Ngokolo siku ya mkesha. Siku hizi hakuna kusubiri kivuko, unapita darajani pale Busisi ziwa liko chini yako, na kwa furaha niliyokuwa nayo nilimwonyesha ziwa abiria wa jirani utadhani hajawahi kuliona. Nyumbani nilimkuta mama anawatangazia watu Krismasi yake mpya. Wadogo zetu walikuwa wameshapigiwa simu, wakalalamika, wakanyamaza, wakaahidi kufika ishirini na saba. Jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye kila mwaka ndiye anayetuchinjia ili nyumba yake na yetu tule chungu kimoja, alikuja na kisu chake akakuta mbuzi bado amefungwa anatafuna majani.

"Mama, kwani mwezi haujaonekana?" akauliza, na mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Asubuhi ya Krismasi nyumba ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuiona. Watoto wa mtaani walipita na nguo zao mpya, kila mmoja ameshika bakuli tayari kwa pilau, mama akawaambia warudi ishirini na saba. Walimtazama kwa mashaka makubwa. Tukaenda misa ya pili sisi wawili. Mama alikaa kwenye benchi lake, akaimba kwa nguvu, na wakati wa maombi nilimwona anataja mtu kwa midomo bila sauti.

Tuliporudi, kaka alikuwa amekaa kizingitini.

Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, begi dogo miguuni, na mbuzi alikuwa amejinyoosha hadi mwisho wa kamba ananusa viatu vyake. Nilisimama getini. Mama naye alisimama, kisha akatembea haraka kuliko anavyoruhusiwa na magoti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama juu mpaka chini. "Leo ni ishirini na tano."

"Najua, mama."

"Nyama ni keshokutwa. Leo hakuna kitu kabisa."

"Sikufuata nyama."

Mama alikaa palepale kizingitini kando yake, na gauni lake la misa. Mimi nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza kaka kwa nini amekuja siku asiyoitaka wakati tumeshamhamishia. Alijibu taratibu, akimwangalia mama na si mimi.

"Nilikuwa nadhani mnaiabudu siku. Ndicho kilichonitisha. Lakini mtu anayeabudu siku hawezi kuihamisha kwa ajili ya mwanawe." Akakohoa kidogo. "Mimi bado sisherehekei. Sijabadilika hapo. Nimekuja kukaa na mama yangu, basi."

"Kwa hiyo hukuja Krismasi, ila umekuja siku ya Krismasi," nikasema.

"Ndiyo."

"Haya. Karibu."

Mama aliniambia niache uchokozi, niende jikoni. Tulichokuwa nacho ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaichemsha na karanga za kusaga. Tukala watatu kwenye sinia moja na chai ya rangi. Kaka alimega, akatafuna, akafumba macho. Akasema miaka yote hiyo Geita amekula nyama za kila aina lakini michembe ya mama hakuna anayeijua. Aliyepika ni mimi, lakini siku hiyo sikubishana. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, ile ya kutaka kumgusa mtu begani kila mara uhakikishe yupo.

Ishirini na saba ilifika na kelele zake zote. Wadogo zetu walikuja na wake na waume, watoto wa mtaani wakarudi na bakuli zao, na mzee jirani akarudi na kisu. Kaka alisimama karibu wakati wa kuchinja, uso umemkaza. Nilijua anaona lile shimo.

"Mzee, naomba kuuliza," akasema kwa heshima. "Hii damu inamwagwa kwa ajili ya nani?"

"Haimwagwi kwa ajili ya mtu, mwanangu. Inamwagwa kwa sababu hailiwi. Mimi namtaja Mungu, nakata, mke wangu anasubiri maini."

Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akakunja mikono ya shati, akashika miguu ya mbuzi.

Lakini mimi nilikuwa naisubiri asubuhi iliyofuata, na nadhani mama pia, maana hakulala vizuri. Basi letu la kurudi Geita lilikuwa la mapema. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya nyumba ya jirani tulipotoka na mabegi. Mama alikuja na kile kikombe cha bati. Alianza na mimi: ishara ya msalaba, funda, na baridi ikanipiga kifuani. Halafu akapiga funda la pili.

Akasimama mbele ya kaka, mashavu yamejaa.

Sote tulikumbuka kizingiti. Mama hakupuliza. Alibaki anamwangalia, na nikaona koo lake linasogea, anataka kuyameza ili asimlazimishe. Nilitamani kupiga kelele.

"Mama, ngoja," kaka akasema. "Unapuliza kwa jina la nani?"

Mama hakuweza kujibu, mdomo umejaa maji. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Hakugeuka kulitazama. Aliinua kidole akaonyesha juu, moja kwa moja juu, ambako asubuhi ile hakukuwa na kitu zaidi ya mbingu.

Kaka alifuata kile kidole kwa macho. Kisha akaweka begi chini, akafungua kifungo cha juu cha shati, akapiga magoti.

Maji yalimpata usoni na kifuani, mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote, nadhani mama alikuwa anampa na ya miaka yote iliyopita. "Wabeja, mama," akasema, asante ya Kisukuma, na mama akampangusa kidevu kwa khanga kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo. Mimi nililia waziwazi na sikuona haya.

Kwenye basi, jua liliingia kwa madirisha ya upande wetu. Kaka alisimama akaenda kukaa upande wa kivuli. Nikamfuata kumwuliza kama joto limemzidi, akasema hapana, anataka shati lichelewe kukauka.